Maswali ya Wasomaji: Giaboksi ya Otomatiki Kwenye Gari Kuukuu

Barua za toleo hili karibu zote zimehusu jambo moja: magari ya otomatiki yaliyokwisha kula umri, ambayo gia zake zimeanza kuchelewa, kupiga kishindo au kuteleza. Kwa kuwa wengi wa walioandika walikwisha kuambiwa kwamba giaboksi ishushwe, nimejibu kwa nia ya kuonyesha vipimo vinavyopaswa kufanyika kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Giaboksi ikishafumuliwa, ushahidi mwingi wa chanzo cha hitilafu hupotea, na mwenye gari hubaki akigharimia kubahatisha.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, ninalo gari la mwaka 1997. Kila asubuhi nikiweka gia kwenye D, gari hutulia kwa sekunde tatu au nne, kisha hushtuka na kuondoka. Kwenye R huchelewa zaidi. Nikishaendesha kwa muda, tatizo huisha hadi kesho yake. Fundi amenishauri nitafute giaboksi nyingine iliyotumika. Je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue chochote kwanza. Giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa shinikizo la oili: pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, huisukuma kupitia mkusanyiko wa valvu, na oili hiyo ndiyo inayobana klachi ili gia ishike. Kuchelewa kushika, kwa hiyo, maana yake ni kwamba oili inachelewa kufika au inavuja njiani, na sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kiwango chake.

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi, kwa sababu oili ya giaboksi haipimwi kama ya injini. Kwa magari mengi, gari lisimamishwe mahali tambarare baada ya kuendeshwa mpaka giaboksi ipate moto wake wa kawaida. Injini ikiwa inanguruma na mguu ukiwa kwenye breki, pitisha gia polepole katika nafasi zote kisha uirudishe P. Ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe na kusoma alama ya oili ya moto. Magari mengi ya Honda huenda kinyume na utaratibu huu, kwani hupimwa mara tu baada ya kuzima injini, na yapo magari yasiyo na kijiti kabisa, ambayo hupimwa kupitia tundu la pembeni oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji. Fuata kitabu cha gari lako. Kumbuka pia kwamba oili ikizidi huleta dalili zilezile za oili pungufu, kwa sababu gia zinazozunguka huipiga mpaka inafanya povu, na povu haliwezi kubeba shinikizo.

Kama kiwango ni sahihi, pima muda wa kushika kwa saa yenye sekunde, injini ikiwa imeshapata moto na iko kwenye sailensa, yaani inanguruma bila ekseleta kukanyagwa. Miongozo ya giaboksi kadhaa za Toyota za miaka ya 1990 inataka muda wa kutoka N hadi D usizidi sekunde 1.2, na wa kutoka N hadi R usizidi sekunde 1.5, unaona kwamba hata giaboksi nzima huchelewa zaidi kidogo kwenye R. Ikiwa gari lako la moto limo ndani ya mipaka hiyo, na ucheleweshaji ni wa asubuhi tu, mimi hushuku sili za mpira zinazozunguka pistoni za klachi. Mpira huo hukakamaa kwa umri, hupitisha oili ukiwa baridi, na hulainika ukipata moto. Sababu nyingine ni oili ya konvata, yaani kile chombo cha mviringo kinachopokea nguvu za injini na kuipa giaboksi, kuteremka usiku kucha hadi kwenye sampu, hivyo pampu hulazimika kukijaza upya kila asubuhi. Ya tatu ni chujio lililoziba.

Chujio hubadilishwa bila kushusha giaboksi, kwa hiyo lianze hilo pamoja na oili mpya. Ikiwa ni sili, gari linaweza kuendelea kwa muda mrefu mradi uliache likae dakika moja baada ya kuwasha, na usikanyage ekseleta mpaka usikie gia imeshika. Kinachoharibu klachi katika hali hiyo ni kupandisha mizunguko ya injini wakati klachi bado haijabanwa.

SWALI: Gari langu likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini hupaza sauti ghafla kama niliyeweka N, kisha gia hushika. Oili imekuwa ya kahawia. Nilitaka kuibadilisha, lakini rafiki yangu anasema oili mpya huua giaboksi kuukuu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, ulichokieleza ni kuteleza kwa klachi. Gia ya otomatiki hubadilika kwa klachi moja kuachia huku nyingine ikishika, na kwako kuna pengo ambalo hakuna inayoshika, ndiyo maana mshale wa mizunguko unaruka. Kila pengo la namna hiyo huunguza kidogo utando wa msuguano ulioko kwenye sahani za klachi, kwa hiyo jambo hili halifai kuahirishwa.

Uliza kwanza linatokea wakati gani. Likitokea asubuhi tu na kuisha gari likipata moto, sili ndizo zinazoshukiwa. Likitokea gari likiwa moto tu, oili imekuwa nyepesi na inapenya kwenye valvu au pampu zilizolika. Likitokea wakati wote, utando wenyewe huenda umekwisha. Fundi mwenye geji ya shinikizo ataifunga kwenye tundu la kupimia lililoko kwenye mwili wa giaboksi na kulinganisha namba na zile za mwongozo. Fundi anayehukumu klachi bila geji hiyo anakisia, na una haki ya kumwomba apime.

Kipo pia kipimo cha kufunga magurudumu, kukanyaga breki kwa nguvu zote, kuweka D na kukanyaga ekseleta hadi mwisho ili kuona mizunguko inakomea wapi. Ikipita kiwango cha mwongozo, klachi zinateleza. Ikiwa chini sana, injini ni dhaifu au klachi ya upande mmoja (inayoshika ikizungushwa upande mmoja tu) iliyomo ndani ya konvata imeharibika. Sikishauri kwa mwenye gari aliye peke yake, na hata kwa fundi kisizidi sekunde tano, kwa kuwa nguvu zote za injini wakati huo hugeuka kuwa joto ndani ya oili.

Sasa kuhusu oili. Imani ya rafiki yako inatokana na kitu ambacho watu wamekiona kweli, ila wamekosea chanzo chake. Mwenye gari huacha oili kwa miaka mpaka giaboksi ianze kuteleza, ndipo hukimbilia kuibadilisha, na giaboksi inapokufa wiki chache baadaye lawama huangukia oili mpya. Utando uliokwisha hauwezi kurudishwa na oili yoyote. Kinachoweza kuleta madhara ni mashine za kusukuma oili kwa nguvu, kwani huweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya valvu. Kwa gari kuukuu mimi nashauri njia ya taratibu: mwaga oili ya sampu, fungua sampu yenyewe, badilisha chujio, jaza oili iliyotajwa na mtengenezaji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya konvata, rudia kumwaga na kujaza mara moja au mbili baada ya kuendesha kwa siku kadhaa.

Sampu ikifunguliwa, simama karibu na fundi. Sumaku zilizomo ndani hukusanya chuma. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole, au vimeta vya rangi ya shaba, ni dalili kwamba gia, bushi au beringi zinalika. Mabaki meusi yenye harufu ya kuungua ni utando wa klachi. Iamini harufu kuliko rangi, kwa sababu oili nyingine huwa nyeusi mapema bila kuungua. Wala usiweke oili yoyote kwa sababu tu ni nyekundu. Ile ya Type F ya Ford za zamani haikuwekewa viungo vya kulainisha msuguano vilivyomo katika Dexron, na kuibadilisha moja kwa nyingine hubadilisha namna klachi zinavyoshika. Giaboksi za mkanda, zisizo na ngazi za gia, zina oili yake peke yake.

SWALI: Gari langu haliingii ovadraivu (O/D) tena, yaani ile gia ya juu ya mwendo mrefu. Barabarani injini inapiga kelele na mafuta yanakwisha haraka. Taa ya O/D OFF haijawaka. Fundi anasema klachi ya ovadraivu imeungua.

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba umuulize fundi huyo, au aliyelitengeneza gari kabla yake, kama themostati, yaani valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto, iliwahi kutolewa. Katika magari mengi yenye giaboksi inayoongozwa na kompyuta, kompyuta hairuhusu ovadraivu wala konvata kujifunga (injini na giaboksi kushikana na kuzunguka pamoja bila kuteleza) mpaka maji ya injini yafikie joto fulani. Themostati ikitolewa ili kuzuia injini isichemke, kwa mwendo mrefu maji hupoa kupita kiasi, na kompyuta huendelea kuamini kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa. Giaboksi haina ubaya wowote, inatii amri. Hali huwa hivyohivyo sensa ya joto inapotoa taarifa ya uongo. Injini ikiwa baridi, washa na ushike kwa uangalifu hosi ya juu ya rejeta: ikianza kupata uvuguvugu palepale badala ya kubaki baridi kwa dakika kadhaa kisha kupata moto kwa haraka, themostati haipo au imekwama ikiwa wazi.

Hakikisha pia kwamba kweli ovadraivu haiingii. Kwenye barabara iliyo wazi na tambarare, ondoka kwa kukanyaga ekseleta kidogo na mwenzako ahesabu mara ambazo mshale wa mizunguko unashuka. Giaboksi ya gia nne yenye konvata inayojifunga hushuka mara nne: mara tatu kwa kubadilisha gia, na ya nne, ndogo kuliko zote, konvata inapojifunga. Ukizipata tatu kubwa na kukosa ile ndogo, ovadraivu ipo na ni konvata ndiyo haijifungi, na hapo angalia swichi ya breki, kwa sababu taa za breki zikibaki zimewaka kompyuta hudhani unakanyaga breki na huiachia konvata.

Sensa ya nafasi ya ekseleta nayo ichunguzwe, hasa kama gia zinapanda na kushuka bila mpango. Baada ya hayo yote kuonekana mazima, ndipo klachi ya ovadraivu itajwe.

SWALI: Nikiwa kwenye mwendo wa kilomita kama 70 kwa saa, gari hutetemeka kana kwamba napita juu ya matuta madogo madogo. Nikiongeza mwendo hutulia.

JIBU: Zipo hitilafu mbili zinazofanana sana hapa: konvata inayoteleza inapojifunga, na plagi, waya au koili inayokosa kuwasha. Huchanganywa kwa sababu konvata inapojifunga mizunguko hushuka na mzigo wa injini huongezeka, na ni hapo hapo plagi dhaifu hujitokeza. Gari likiwa linatetemeka, na barabara ikiwa haina gari nyuma yako, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukishikilia ekseleta palepale. Mguso huo hufungua konvata. Mtetemo ukikoma papo hapo, konvata ndiyo inayoshukiwa, ingawa plagi inaweza pia kutulia kwa kupunguziwa mzigo, kwa hiyo plagi na waya zikaguliwe kwanza maana hazigharimu muda. Ukiendelea kutetemeka, achana na giaboksi na ushughulikie injini. Kwa konvata, badilisha oili kwa njia niliyoieleza juu. Mara nyingi viungo vya msuguano vilivyokwisha katika oili kuukuu ndivyo chanzo, na mtetemo hupungua au kuisha.

SWALI: Taa ya O/D inawakawaka, na tangu hapo gari linaondoka kwa uzito mkubwa kama lililoanzia gia ya tatu. Spidomita nayo imelala. Nimeambiwa giaboksi imejifunga.

JIBU: Ndugu msomaji, ni vizuri kwamba umetaja spidomita, kwa maana huenda jibu liko hapo. Kompyuta inapokosa taarifa muhimu au inapoona saketi imekatika, huacha kuzipa umeme solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili, na giaboksi hubaki katika gia moja, mara nyingi ya tatu, ili ufike nyumbani bila kuiharibu. Ni ulinzi uliowekwa kwa makusudi. Kuwakawaka kwa taa ni kompyuta kusema kwamba imehifadhi namba ya hitilafu, na haifai mtu kuhukumu giaboksi kabla ya kuisoma.

Katika Toyota nyingi za kabla ya mwaka 1996, namba husomwa kwa kuunganisha kwa kipande cha waya vituo vya TE1 na E1 ndani ya kiboksi cha uchunguzi, kisha kufungua swichi bila kuwasha injini, swichi ya O/D ikiwa imebonyezwa ili taa ya O/D OFF isiwake mfululizo, na kuhesabu miwako yake. Namba 42 na 61 ni za sensa za mwendo. 62 na 63 ni za solenoidi za kubadilishia gia. 64 ni ya solenoidi ya konvata. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yana soketi ya matundu 16, na mashine ya kusomea huonyesha namba zinazoanza na P07. Angalizo: P0700 haisemi chochote isipokuwa kwamba kompyuta ya giaboksi ina namba nyingine ndani yake, kwa hiyo fundi anayeishia hapo hajasoma.

Hata namba ikitaja solenoidi, maana yake ni saketi ya solenoidi, pamoja na waya na viunganishi vyake vyote. Ifunguliwe plagi ya waya iliyo ubavuni mwa giaboksi, iangaliwe kutu, maji na oili iliyopenya, kisha ukinzani upimwe. Solenoidi nyingi za kuwasha na kuzima za Toyota za wakati huo husoma kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Betri na waya wa ethi visisahaulike, kwa kuwa volti ikishuka kompyuta za miaka ile huanza kutoa amri za ajabu. Solenoidi iliyokufa kweli hubadilishwa kupitia sampu katika giaboksi nyingi, bila kuishusha.

SWALI: Gari langu ni la zamani sana, halina kompyuta. Siku hizi gia zinachelewa kupanda na zikipanda zinapiga kishindo. Oili inapungua lakini chini hapadondoki kitu, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe.

JIBU: Barua yako imenifurahisha, mzee wangu, kwa sababu dalili tatu ulizozipanga zinaelekeza mahali pamoja. Giaboksi nyingi zisizo na kompyuta hujua mzigo wa injini kwa njia mojawapo ya mbili: kebo inayotoka kwenye ekseleta, au chombo kidogo chenye utando wa mpira kinachovutwa na vakyumu, yaani mnyonyo wa hewa wa injini, kupitia hosi nyembamba. Lako bila shaka lina hicho cha pili. Utando ukipasuka, injini hunyonya oili ya giaboksi kupitia hosi na kuiunguza, ndipo moshi na kupungua kwa oili; na kwa kuwa vakyumu haifanyi kazi yake tena, giaboksi hudhani injini imebeba mzigo mzito, hivyo huchelewesha gia na kuzibana kwa shinikizo la juu. Chomoa hosi upande wa giaboksi. Ukikuta oili ndani yake, badilisha chombo hicho na ujaze oili iliyopungua. Hosi ikiwa kavu, itazame kama ina ufa au imechomoka upande wa injini.

Wenye magari ya kebo wasome hapa kwa makini. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huchelewesha gia na kuleta kishindo. Iliyolegea huzifanya zipande mapema na kwa ulaini unaopendeza, na huo ndio wa kuogopa, kwani shinikizo huwa dogo na klachi huungua huku dereva akifurahia. Giaboksi ya 700R4 ya General Motors, iliyoanza kutumika katika magari ya mwaka 1982, inafahamika kwa kuungua upesi kebo yake ikilegea au kukatika. Katika Toyota nyingi kebo hukaguliwa ekseleta ikiwa imekanyagwa hadi mwisho: nafasi kati ya kishikizo kidogo kilichobanwa kwenye waya na mdomo wa ala yake isizidi milimita 1.

SWALI: Oili ya giaboksi yangu imegeuka rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa. Gari bado linakwenda vizuri. Naweza kusubiri mwisho wa mwezi?

JIBU: Hapana, dada. Lizime leo. Maji ya rejeta yameingia kwenye oili kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta, na maji hulegeza gundi inayoshikilia utando kwenye sahani za klachi. Badilisha rejeta kwanza, safisha mabomba ya kipoza, kisha ubadilishe oili mara kadhaa mpaka irudie wekundu wake. Kama umeliendesha kwa siku nyingi katika hali hiyo, jiandae kusikia kwamba klachi zinapaswa kubadilishwa pia.

SWALI: Kwenye D gari haliondoki kabisa, kwenye L linaondoka vizuri, na R ipo. Oili ni safi na imejaa. Hii nayo ni waya?

JIBU: Hapana, ndugu. Katika giaboksi nyingi, gia ya kwanza ya D hushikwa na klachi ya upande mmoja, ambayo ni ya kimakanika na haihitaji umeme, ilhali ile ya L huongezewa bendi au klachi nyingine ili injini iweze kusaidia breki kwenye mteremko. Gari linaloondoka kwa L na kugoma kwa D, oili ikiwa sawa na kebo ya leva ikiwa imerekebishwa vizuri, limevunjika klachi hiyo ya upande mmoja, na hakuna namna ya kuifikia isipokuwa kuishusha giaboksi na kuifungua. Ukilazimika kulifikisha gereji, liondoshe kwa L, kisha likishapata mwendo ujaribu D. Usilivute kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu haizunguki na sehemu za ndani husagana bila oili.